Nivae Sporani Gani Kando ya Ndugu Yangu?

Mama Mshauri mpendwa,

Nisaidie, na ikiwezekana unisaidie kabla ya Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, kwa maana siku hiyo mdogo wangu Murdo na mkewe Peigi wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, nami nimeombwa nisimame kando yake kanisani, na mpaka leo sijui nitavaa sporani gani, wala sijui kama nitakwenda. Najua watakaosoma watacheka, mzee wa miaka sabini na sita anakosa raha kwa ajili ya mkoba unaoning'inia mbele ya kilti, ile sketi ya wanaume wa kwetu, na ingekuwa barua ya mtu mwingine ningecheka pia. Majina yabadilishe tafadhali. Bonde letu ni dogo na gazeti lako linasomwa kila nyumba, hata na wale wanaosema hawalisomi.

Niliondoka hapa nikiwa na miaka ishirini na sita, nikaenda Nyuzilandi, nikanyoa kondoo huko Otago mpaka mgongo ulipokataa, kisha nikawa mtunza maktaba ya mji mdogo, nikaoa, nikapata binti, nikamzika mke wangu Nesta, na mwaka juzi nikarudi baada ya miaka arobaini na minane, nikapanga nyumba ya vyumba viwili maili nne kutoka kwenye shamba nililozaliwa, ambalo analo Murdo. Kule Otago tulikuwa na chama cha watu wa kwetu na mimi nilikuwa katibu wake miaka ishirini na mitano. Tulikutana jioni, mara nne kwa mwaka, kwenye karamu, na kila tulipokutana kila mtu alivaa vyote alivyokuwa navyo, koti jeusi lenye vifungo vya fedha, viatu vyeusi vya kamba ndefu, sporani ya manyoya yenye kilele cha fedha na vishada vitatu, kwa sababu kilti kwetu ilikuwa ni kitu cha kukumbukia, na hakuna mtu avaaye kumbukumbu yake kwenda kununulia maziwa. Nilipotimiza miaka ishirini na mitano ya ukatibu Nesta aliniagizia sporani kwa fundi mmoja wa huko, ya manyoya ya posamu, mnyama anayekula miti yao mpaka wamemchoka, manyoya ya kijivu yenye wekundu kwa mbali, laini kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa. Aliificha kwenye pipa la unga miezi miwili ili nisiione. Ndiyo sporani pekee niliyokuwa nayo, na sikujua kama mtu anahitaji nyingine.

Basi mwezi wa nne mwaka huu kulikuwa na mechi ya shinti, mchezo wetu wa mpira wa magongo, timu ya bonde letu na ya bonde la pili, na Peigi akaniambia shemeji njoo, vijana wote wanavaa kilti siku hiyo, nami nikafurahi kuitwa, nikatoa sanduku, nikavaa kama ninavyojua kuvaa. Saa tano asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye tope ukingoni mwa uwanja, mvua ya manyunyu, nimevaa koti jeusi na vifungo vya fedha na posamu wa Nesta, na wanaume wote waliobaki, wa rika langu na wa rika la wajukuu, walikuwa na kilti zilizopauka, fulana nzito za sufu, soksi zimeshuka kwenye buti, na mbele wamening'iniza vimkoba vya ngozi ya kahawia visivyo na pambo lolote, vingine vimekunjamana kama pochi ya bibi. Dolina wa posta akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka golini:

"Nani kafungua kopo la biskuti?"

Wakacheka, unajua wewe yale makopo wanayouziwa watalii, yenye picha ya mwanamume wa kilti juu ya kifuniko. Na mwingine, sikumwona ni nani, akaongeza, "Hector, huyo paka umemtoa wapi? Wa kwetu haonekani tangu Jumatatu." Nikacheka pamoja nao. Nadhani nilicheka vizuri. Lakini nilipomtazama Murdo hakuwa anacheka, alikuwa anaangalia mpira, na mpira wenyewe ulikuwa umetoka nje.

Wiki tatu baadaye ikaja kadi ya mwaliko. Nakuandikia ilivyo: ibada ya shukrani saa tano asubuhi, chakula ukumbini, dansi ukumbini kuanzia saa moja jioni, kilti za kawaida, mtu asijitese. Chini yake Murdo ameandika kwa penseli, "Utasimama nami." Nilikaa na kadi ile mchana kutwa. Nikasema nitakwenda kwenye ibada, nitakula, na saa kumi nitakuwa nimerudi nyumbani kwangu. Nikaanza kutafuta nitavaa nini. Nina vitabu vitatu vya mavazi ya kwetu na vyote vinabishana. Kimoja kinasema sporani ishuke kiganja kimoja chini ya bizimu ya mkanda, kingine kinasema vidole vitatu, cha tatu kinasema mwungwana anajua. Kuhusu mavazi ya mchana viwili vinakataza manyoya na kimoja kinanyamaza.

Nikiwa katika hali hiyo, Jumanne iliyopita, Murdo akaja. Haji mara nyingi. Aliingia jikoni na buti zake, akatandaza gazeti mezani, gazeti hili hili lako, akatoa mkoba wa ngozi kwenye mfuko wa koti, akaufungua, akamwaga misumari ya uzio, ile ya kupinda ya kushikia waya, labda mia moja, mingine imeshika kutu.

"Haya," akasema. "Vaa hii."

"Ni nini?"

"Hujui sporani ukiiona? Mbona ya paka uliijua?"

"Ndani ina kutu, Murdo."

"Ilikuwa na misumari. Sasa haina. Unataka nini, kaka, nikuletee na maua?"

Akakusanya misumari yake kwenye kofia, akaniuliza kama bomba langu bado linavuja, nikamwambia linavuja, akasema atalitazama, akaondoka. Chai hakunywa.

Nilikasirika, Mama Mshauri, sitakuficha. Nikasema ananifanyia mzaha, wamecheka uwanjani na sasa anataka wacheke na kanisani, mzee wa Otago na mkoba wa misumari. Kisha nikaigeuza, nikainua kifuniko, na ndani yake, imechomwa kwa chuma cha moto, ilikuwepo herufi ya jina langu na mwaka. Mwaka wa harusi yao. Hapo nikakumbuka. Ile ngozi ni ya ng'ombe wa baba aliyeanguka korongoni, na Murdo, alikuwa na miaka ishirini na minne, alishona sporani mbili majira yale ya baridi, yake na yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nisimame kando yake siku ya harusi.

Sikusimama. Niliondoka siku sita kabla. Nilisema meli imebadilishiwa tarehe na kampuni imekataa kunipa nafasi kwenye meli ya mwezi unaofuata, na kila mtu aliamini, na Nesta pia aliamini mpaka alipokufa. Kampuni haikukataa kitu. Sikuwauliza. Jambo lenyewe ni kwamba wiki ile ile, wakati Murdo ananipima kiuno kwa kamba ili akate mkanda wa sporani, baba aliingia akasema ameandikisha shamba kwa jina la Murdo, akasema, "Wewe Hector una vitabu vyako," na mimi nilikuwa mkubwa, na hakuna aliyeniuliza kama nalitaka. Murdo aliendelea kupima. Labda hakusikia nilivyosikia mimi. Picha ya harusi bado iko ukutani kwao, Murdo, Peigi, na upande wa kulia wa Murdo nafasi wazi ya mtu mmoja. Peigi aliniambia mpiga picha aliwaomba wasogee waijaze, na Murdo akakataa.

Sasa sielewi. Kama ni zawadi, kwa nini aliijaza misumari? Kama ni mzaha, kwa nini ngozi ya nje imepakwa mafuta mpaka inang'aa na kifuniko kimeshonwa upya kwa uzi mpya? Nilikwenda kumuuliza Peigi, nikamkuta anapanga mayai.

"Shemeji, amenipa kwa nia gani?"

"Nia? Murdo? Murdo anakula, analala, anatazama kondoo. Nia utamuuliza mwenyewe."

"Anataka niivae kweli?"

"Anataka usije umevaa kama picha. Na kama huji kabisa sema mapema, mimi na yeye tumeshazoea kusimama wenyewe."

Alisema bila ukali, akarudi kwenye mayai yake, na nilitembea maili zote nne bila kujua kama nimetukanwa.

Kisha nikampigia binti yangu Una, yuko Dunedin, kule kule Otago, nikidhani atanirahisishia, naye akasema, "Baba, hao watu hawakumjua mama. Hata mmoja. Hiyo sporani ndiyo kitu pekee cha mama watakachowahi kukiona, na wewe unataka kuiacha sandukuni uvae mfuko wa misumari kwa kuwa walikucheka?" Nikamwambia nitampigia tena, na mpaka sasa sijampigia.

Nimezijaribu zote mbili mbele ya kioo, pamoja na koti la sufu la kahawia na buti za kahawia. Ya Nesta ina mkanda mweusi na minyororo ya fedha na haikubaliani na buti, hilo naliona mwenyewe, inakaa pale kama mgeni aliyekosea mlango. Ya Murdo inakubaliana na kila kitu, lakini mkanda wake ulikatwa kwa kiuno cha mwaka ule na unapungua vidole vitano. Nikapanda basi mpaka Inverness kununua ya tatu, isiyo ya huyu wala ya yule, na mwenye duka, msichana mwenye adabu, akaniuliza, "Mzee, unakaa huku au unapita tu?" Alitaka kujua kama anifungie vizuri kwa safari. Nikasema nitarudi, nikatoka, nikakaa kituoni saa nzima.

Nimekwisha kuandika barua ya kuomba radhi, nikisema nyonga inaniuma na siwezi kusimama kanisani. Iko hapa mezani, bado sijaitia kwenye bahasha. Nikivaa ya Nesta namwaibisha ndugu yangu, nikivaa ya ndugu yangu namficha mke wangu, nisipokwenda sijui nitakuwa nimefanya nini mara ya pili. Nieleze, ni ipi?

Wako,
Mzee wa Sporani Mbili

*

Mzee wa Sporani Mbili,

Majina nimeyabadilisha, ingawa kwa hadithi ya posamu sidhani kama bonde lako litahangaika kukutafuta.

Nitakujibu kwanza ulichouliza, kwa sababu ni rahisi. Ibada ni saa tano asubuhi na kadi imesema kilti za kawaida. Kwa hiyo unavaa ngozi ya kahawia isiyo na pambo, buti za kahawia, koti la sufu, soksi nene. Manyoya, fedha na vishada havitoki nje kabla ya jioni. Kitabu chako cha tatu kimenyamaza kwa kuwa mwandishi wake hakudhani kuna mtu atauliza. Sporani ikae katikati, kiganja kimoja chini ya bizimu, kiganja chako mwenyewe, usilete rula. Ikishuka zaidi ya hapo itakupiga mapaja ukitembea kuelekea mbele ya kanisa, na watu hawatasikiliza zaburi. Ukikaa kula, isukume nyonga ya kushoto. Ndani tia leso na miwani, basi.

Hayo ungeweza kuambiwa na mwanamume yeyote aliyekuwa pale uwanjani. Hukumuuliza hata mmoja. Ulirudi nyumbani ukafungua vitabu.

Nakuonea huruma kwa kile kicheko. Umeishi karibu miaka hamsini ukitunza kitu kwa adabu kubwa kuliko sisi tuliobaki nacho, na ulipokileta tukakuambia umetoka kwenye kopo. Nilikulia kwenye bonde kama lako na nakuomba radhi kwa niaba ya Dolina, ambaye hatakuomba. Lakini ujue pia kwamba mgeni haulizwi paka wake katoka wapi. Mgeni anapigwa picha na kuambiwa amependeza. Umetaniwa, mzee. Wewe ulisikia mlango unafungwa.

Sasa misumari. Unauliza kama ni zawadi kwa nini iliwekwa misumari. Fikiri kidogo kama mtu anayefuga kondoo. Sporani hiyo ilishonwa kwa ajili ya mtu ambaye hakutokea. Kuivaa hakuweza, ina jina lako. Kuitupa angeweza siku yoyote, jiko halikuwa mbali. Aliitia misumari, maana yake kila uzio ulioanguka kwa miaka hamsini alikwenda kuusimamisha akiwa nayo mfukoni. Majira haya akaipaka mafuta, akashona kifuniko. Na uzi mpya ulisema mwenyewe umeuona. Akaja maili nne akaiweka juu ya meza yako. Ulitaka mdogo wako, mwanamume wa bonde lenu mwenye miaka sabini na minne, akuambie jambo hilo kwa sentensi? Aliandika moja, ya penseli, na ina maneno machache kuliko anwani yangu.

Binti yako ana haki na wewe umemwacha bila jibu, kwa hiyo jibu nampa mimi. Kadi uliyoninakilia inasema dansi saa moja jioni. Katika barua yako siku hiyo inaishia saa kumi. Umejiondoa kwenye dansi kabla hata hujaomba kubaki, na sijui kama umegundua kwamba ndivyo ulivyofanya na harusi. Saa moja jioni ndiyo saa ya manyoya. Rudi nyumbani baada ya chakula, pumzika, vaa koti jeusi, viatu vyeusi, vifungo vyote vya fedha unavyovipenda, vaa sporani ya Nesta, urudi ukumbini. Atakayeuliza paka wa nani, na watauliza, mwambie ni posamu, mwambie nani alimwagiza na alimficha wapi. Mzungumzie mke wako ukiwa na bilauri mkononi na muziki unapigwa. Watu hawatamjua Nesta kwa kutazama tumbo lako kanisani, watamjua ukiwasimulia, na katika miaka miwili nahisi hujamsimulia mtu. Ukicheza, geuza sporani ikae nyonga, vishada vinapiga vibaya.

Ile barua ya nyonga ichome leo. Sababu ya uongo ulishampa mara moja, na aliibeba vizuri kuliko ulivyostahili. Na kuhusu shamba nitakusema kidogo, nivumilie. Baba yako alikosea kutokukuuliza. Aliyeadhibiwa ni Murdo, ambaye kosa lake lilikuwa kushika kamba ya kukupima kiuno. Wewe ulipata jua la Otago na vitabu na mke aliyekupenda, yeye akapata mawe, mvua, na picha yenye nafasi kando yake ambayo hakutaka ijazwe. Kama bado una kinyongo cha ardhi, mwulize Peigi akupe siku moja ya kukokota kondoo waliokwama kwenye theluji. Nadhani kitaisha kabla ya chakula cha mchana.

Lililobaki ni mkanda, vidole vitano. Usinunue mnyororo wala usiagize mkanda mwingine Inverness, na huyo msichana wa dukani, ukimwona tena, mwambie unakaa huku. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Kesho Ijumaa asubuhi, kabla hajapanda mlimani, nenda kwa Murdo na sporani na mkanda wake. Yeye ndiye aliyeukata na msharasi wa kutobolea ngozi anao, sina shaka. Mwambie umenenepa. Akianza kupima, na kamba ikiwa kiunoni kwako, mwambie kwamba meli haikubadilishiwa tarehe, kwamba ungeweza kungoja na hukungoja. Usimweleze kwa nini mpaka aulize. Usilie, utamtisha. Huenda akaendelea kupima bila kusema kitu, kama alivyofanya zamani, na safari hii simama hapo hapo mpaka amalize. Akikuuliza habari za bomba, mjibu habari za bomba. Na mkanda ukitoka bado mfupi, mwachie, urudi kesho yake.